Kadi ya Kaka wa Mokpo

Mume wangu haamini harusi inayotangazwa kwa simu. "Simu ni ya kuulizana bei ya kabichi," husema. Binti yetu Boram na mchumba wake Taein walituma mwaliko wao kwa marafiki kwa kubonyeza mara moja tu, lakini Gilsu alikwenda kwa mchapishaji pale Suwon, mtaani kwetu, akaagiza kadi saba za karatasi nene. Saba tu, za ndugu na rafiki wa zamani, watu ambao huwezi kuwaalika bila kufika mlangoni kwao na kuwapa kadi kwa mikono miwili.

Boram hakujua habari za kadi hizo. "Atashangaa siku yenyewe," Gilsu aliniambia. "Ataingia ukumbini aone upande wetu umejaa." Boram tulimwambia tu kwamba tunazunguka kutazama majani ya vuli na kusalimia watu.

Majina juu ya bahasha niliandika mimi. Ilinichukua siku tatu. Kuandika nimejifunza nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni kanisani, na mkono wangu bado husita kwenye herufi zenye duara. Bahasha ya mwisho ilikuwa na jina la Pyo Gilnam, kaka mkubwa wa mume wangu, anayeishi Mokpo. Hiyo niliirudia mara nne.

Kaka Gilnam hakuwa amesema nasi kwa miaka tisa, na sababu ilikuwa mimi. Mama yao alipotimiza mwaka mmoja tangu afariki, Kaka Gilnam aliandaa meza ya kumkumbuka kama desturi ilivyo, matunda upande wake, samaki upande wake, picha ya mama katikati. Wote wakainama mpaka chini. Mimi sikuinama, kwa sababu ya imani yangu, na Gilsu, ambaye alikuwa amebatizwa miezi miwili tu kabla ya siku ile, alinitazama kisha naye akabaki amesimama. Kaka Gilnam hakupiga kelele. Alitufungulia mlango tutoke, akasema, "Asiyemwinamia mama yangu asinywe hata maji hapa." Mkewe alipofariki baada ya miaka saba, sisi tulipata habari mazishi yamekwisha.

Tangu siku ile nimeomba kila alfajiri kwa ajili ya mlango ule. Gilsu hakuomba kwa sauti, lakini kila mwaka mpya alishika simu, akaiweka chini.

Sasa alikuwa na kadi. Wiki moja kabla ya safari alipiga simu Mokpo, akasema kwa sauti iliyokauka, "Kaka, Boram anaolewa. Nataka kukuletea kadi mwenyewe." Kisha Kaka Gilnam akasema, "Njoo na mkeo." Basi. Gilsu alikaa jikoni nusu saa na simu mkononi.

Kwa desturi mkubwa wa ukoo ndiye wa kwanza kupewa. Nilimwambia Gilsu twende Mokpo moja kwa moja, kisha turudi polepole tukigawa nyingine.

"Hapana," alisema. "Nikianza naye nitageuza gari njiani, najijua. Nikiwapa wengine kwanza, mdogo wangu Gilja atampigia simu kumwambia tunakuja, na binamu wa Gwangju watampigia simu. Nikifika Gwangju sitakuwa na pa kurudi."

Ndivyo tulivyoondoka, siku ya Jumanne ya Oktoba, kwa mwendo wa taratibu. Gilsu amebandika karatasi za mapambo kwenye kuta za nyumba za watu kwa miaka thelathini na tano, na hatukuwahi kusafiri wawili zaidi ya siku moja. Kabla hajawasha gari niliomba kwa sauti kama kawaida yangu. Nikataja barabara, breki, nyumba tulizokuwa tunakwenda. Nikamtaja Boram. Nikamtaja Taein. Tangu wachumbiane sijawahi kutaja jina moja bila la pili.

"Amina," alisema Gilsu. "Umemsahau paka wa jirani."

"Paka nilimwombea alfajiri."

Alicheka, tukaondoka.

Tulisimama Cheonan, kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu. Gilsu akaenda kupanga foleni ya vikeki vya kokwa za jozi, kwa kuwa hawezi kupita mji ule bila kuvinunua. Mimi nilibaki ndani ya gari. Simu yangu ikaita, nikaona jina la Boram.

"Mama, uko peke yako?"

"Baba yako yuko kwenye foleni ya vikeki. Kuna nini?"

"Harusi haipo."

Niliuliza ameumwa nani.

"Hajaumwa mtu. Haipo tu, Mama. Taein amesema hawezi. Usiniulize kwa nini, maana nami sijui. Jana aliacha ufunguo mezani."

"Boram, mwanangu, uko wapi sasa?"

"Nipo. Sikiliza. Usimwambie Baba. Nitakuja Jumapili, nimwambie mwenyewe, uso kwa uso. Akisikia kwa mtu mwingine, hata kwako, sitaweza kumtazama tena. Niahidi mbele za Mungu."

Nilitaka kumwambia, baba yako ana kadi saba kwenye koti. Lakini alikuwa analia, kilio kile cha kujizuia, cha pua. Ningemwambia vipi kwamba kabla ya Jumapili ndugu zake wote watakuwa wameshika jina lake na la Taein kwa mikono miwili?

"Niahidi, Mama."

"Naahidi mbele za Mungu."

Akakata. Gilsu akarudi na mfuko wa karatasi unaotoa mvuke. "Kula kingali cha moto," alisema. "Mbona umebadilika rangi?"

"Joto la gari."

Nilikula keki ile yote. Ilikuwa na maharage matamu na nusu kokwa ya jozi ndani, na sikuweza kuimeza bila maji.

Daejeon tulimkuta Bang, rafiki yake wa ujana, aliyekuwa akibandika naye karatasi. Bang alitoka nje na viatu vya bafuni.

"Wewe Gilsu! Nilidhani umekufa, nikajiokoa na gharama za mazishi!"

"Nimekuja kukuongezea gharama. Shika."

Gilsu akatoa kadi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo, ghafla amekuwa mtu wa heshima. Bang naye akaacha kucheka, akapokea kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali na macho, akasoma. "Pyo Boram. Yule aliyenimwagia gundi kwenye suruali?"

"Yule yule."

"Na huyu kijana, anajua anaoa mwenye gundi?"

Wakacheka mpaka Bang akashika ukuta. Mimi nami nilicheka, nikasikia sauti yangu, nikanyamaza.

"Shemeji anaona haya," Bang alisema. "Wamama huwa hivyo. Binti anaondoka."

Tulipoondoka alitupakilia gunia la viazi vitamu. Nilijaribu kulikataa. Bang aliniambia nikilikataa atalifunga juu ya paa.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuondoka Daejeon, Gilsu alishika ufunguo akaningoja niombe. Nilifungua mdomo. Nikaona jina la Taein limekaa mlangoni mwa kinywa, nami siwezi kulitoa wala kuliruka. Kumwambia Mungu abariki harusi ambayo mimi na Yeye tunajua haipo! Kumficha mume wangu ni jambo moja, na nalo lilikuwa linanichoma. Lakini maombi sijawahi kuyachezea.

"Koo linaniuma," nilisema. "Leo kila mtu aombe kimya."

Aliniangalia, akainamisha kichwa.

Jeonju nilijaribu kugeuza safari. Tulipokaribia nyumba ya Gilja, dada yake mdogo, nilishika tumbo nikasema turudi nyumbani, siwezi kuendelea. Nilifikiri Gilsu ataogopa. Naye aliogopa kweli, akakanyaga mafuta mpaka kwa Gilja, akamwita kabla hata hajazima gari.

"Wifi, umevimbiwa," Gilja alitangaza. "Angalia uso! Umekula nini?"

"Vikeki vya Cheonan," Gilsu alisema.

"Jana hiyo! Na bado vimekaa. Lete kidole."

Kwetu aliyevimbiwa hutibiwa kwa kuchomwa kidole kitoke damu. Alinikalisha sakafuni, akanikanda mgongo kwa ngumi, akasukuma damu toka begani mpaka kwenye kidole gumba, akakifunga uzi mpaka kikawa cha zambarau. Akapitisha sindano kwenye moto wa jiko.

"Wifi, sasa naona nimepata nafuu."

"Wote husema hivyo wakiona sindano."

Akanichoma chini ya ukucha. Tone likatoka. "Ona ilivyo nyeusi!" alisema kwa furaha. "Kaka, njoo uone, ilikuwa imeganda! Angefia njiani." Gilsu akaja kuona, akatikisa kichwa, akanipapasa nywele. Nilistahili sindano ile. Nilitaka anichome na kidole cha pili.

Gilja alipokea kadi tatu, yake na za shangazi wawili wanaoishi jirani. Alisoma mwandiko wa bahasha, akauliza nani kaandika. Gilsu akanionyesha kwa kidevu. Gilja alishika midomo yake. "Wifi! Wewe ambaye uliniomba nikusomee barua za jeshini za kaka?" Akalia. Kisha akapiga simu Mokpo mbele yetu, kabla hajafuta machozi: "Kaka mkubwa, wako kwangu! Ndiyo, wote wawili. Keshokutwa mchana. Taa? Nimwambie unaandaa taa?"

Gilsu akageuka ukutani. Taa aliyevundikwa ni samaki wa Mokpo, na ananuka mpaka macho yanatoa maji, na huko hawamtoi kwa mtu ambaye hawamtaki mezani.

Gilja alitupakilia makopo mawili ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa, pilipili ya kusaga, na mafuta ya ufuta kwenye chupa zilizofungwa magazeti. Kiti cha nyuma kikajaa.

Njia nzima ya kwenda Gwangju Gilsu alikuwa anajizoeza. Majani ya milima yalikuwa mekundu pande zote, naye hakuyaona.

"Nitasema, Kaka, yaliyopita ni makosa yangu. Halafu nampa kadi. Au kadi kwanza?"

"Vyovyote."

"Kadi kwanza. Mikono ikiwa na kitu, mdomo unapata ujasiri. Mama Boram, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unajua nilikuwa nadhani nitakufa kabla hajanifungulia? Halafu mtoto huyu anapata mume, na mlango unafunguka. Mungu wako ana njia zake."

Huwa anasema "Mungu wako" akitaka kunitania. Safari hii hakuwa anatania. Nilitazama nje.

Gwangju nilijifungia chooni nyumbani kwa binamu, nikampigia Boram mara tano. Hakupokea. Nilimwandikia ujumbe, polepole, herufi kwa herufi: *Niruhusu nimwambie baba.* Nikasubiri mpaka wakaniita kula. Jibu lilikuja jioni: *Jumapili, Mama. Uliahidi.* Kule sebuleni kadi mbili zilikuwa zimekwisha kutolewa, na binamu walikuwa wanabishana nani ataendesha basi la kukodi kwenda harusini.

Ikabaki kadi moja.

Nilipiga magoti bafuni asubuhi, juu ya vigae vyenye maji. Nilisema: Bwana, nimekuahidi Wewe, nami nikinyamaza namwaibisha mume wangu mbele ya kaka yake. Nikisema namvunja mtoto. Nionyeshe pa tatu. Nilingoja. Nje mtu alikuwa anagonga, anataka kuoga.

Tulifika Mokpo Ijumaa, saa sita mchana. Kaka Gilnam alikuwa amesimama getini. Umri wake ni miaka sabini na sita. Alikuwa amepaka nywele rangi nyeusi, upya kabisa, na rangi ilikuwa imemwachia alama kwenye sikio. Alikuwa amevaa tai.

Gilsu alishuka akasahau hotuba yote. Akainama mpaka mgongo ukawa bapa.

"Umenenepa," Kaka Gilnam alisema.

"Ndiyo, Kaka."

"Mkeo amekonda. Unakula cha kwake?"

"Hapana, Kaka."

"Ingieni. Chakula kitapoa."

Alikuwa ameandaa mwenyewe. Supu ya pweza, mboga aina sita, na katikati sinia la taa, vipande vya waridi vimepangwa kama mkewe alivyokuwa akivipanga. Harufu ilinishika kooni. Picha ya marehemu mkewe ilikuwa kwenye kabati. Kaka Gilnam aliketi, akaweka mikono juu ya magoti, wala hakushika kijiko. Tulingoja. Kama mkubwa hajaanza, hakuna anayeanza.

"Shemeji," akasema, bila kunitazama. "Gilja ameniambia hamli bila kuomba."

"Tunaweza kuomba kimya, Kaka. Si lazima—"

"Omba kwa sauti."

Gilsu aliinua kichwa. Kaka Gilnam akaendelea, akiiambia supu. "Miaka tisa nimekula bila ndugu yangu kwenye meza hii ya mama. Siamini hayo mambo yenu, na sitaamini. Lakini mtoto ni wa ukoo wangu. Omba hapa, mezani kwangu, uwaombee hao watoto. Wote wawili. Nataka kusikia."

Akafumba macho. Alifumba kwa nguvu, mpaka kope zikakunjamana, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Gilsu alinitazama, macho yamejaa maji, akanitikisia kichwa: *omba*. Kisha naye akafumba.

Sikuwahi kupewa kitu kikubwa namna ile na mtu aliyenifukuza. Nilikuwa nimekiomba miaka tisa, na sasa kimewekwa mbele yangu, na gharama yake ni kutaja jina moja. Taein. Pumzi moja tu. Nani angedhurika? Wangesema amina, tungekula.

Nilifumba macho. Nilikaa kimya. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia Kaka Gilnam akipumua puani. Kimya kikawa kirefu mno, nikajua nimekwisha kuharibu, nikafungua mdomo bila kujua litakalotoka.

"Bwana. Asante kwa meza hii na kwa mikono iliyoiandaa. Asante kwa kaka yetu aliyetufungulia mlango. Umkumbuke mkewe, ambaye hatukumzika." Nikashika ukingo wa meza. "Mtazame Boram. Popote alipo saa hii, mtazame Boram. Usimwache peke yake. Amina."

"Amina," alisema Kaka Gilnam, kwa sauti ya kujaribu. Akafungua macho. "Fupi. Nilisikia ninyi huomba mpaka supu igande."

Gilsu hakusema amina. Alikuwa ananitazama mdomo. Miaka thelathini na sita amenisikia nikiomba, nikitaja majina mpaka anasinzia. Alingoja jina la pili, likawa halikuja, na niliona uso wake ukienda nyuma, siku moja baada ya nyingine: koo linaloniuma, tumbo, simu chooni. Kwa mawazo alifika Cheonan. Nilijua alipofika.

Kaka Gilnam akachota supu, akaonja. Nasi tukashika vijiko.

"Haya," akasema. "Kadi yangu."

Mkono wa Gilsu ulikwenda kwenye koti ukakwama hapo.

"Usiniambie zimekwisha. Binamu wa Gwangju wamenipigia simu kunicheka, eti mimi mkubwa wa ukoo nimewekwa mkiani. Nikawaambia Gilsu anafuata barabara, Mokpo ndiyo mwisho wa barabara. Nilikutetea. Sasa iko wapi?"

Gilsu alinigeukia. Uso ule ulikuwa unauliza, nami sikuweza hata kutikisa kichwa. Kama hatoi kadi, basi amekuja mpaka Mokpo kumwambia kaka yake kwamba wengine wote wamealikwa isipokuwa yeye. Akiitoa, amempa karatasi isiyo na kitu, kwa mikono miwili, kwenye meza ya mama yao.

Aliitoa. Mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka, na Kaka Gilnam akadhani ni furaha, akaipokea naye kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, jina la Boram, jina la Taein, tarehe, ukumbi, saa tano na nusu asubuhi.

"Nitapanda treni ya kwanza," alisema. "Suti nimekwisha kuipeleka kwa dobi."

Kisha akatuwekea taa kwenye bakuli zetu, vipande vikubwa, akatuangalia tukila. Machozi yalitutoka wote wawili, naye akacheka mpaka akapiga meza. "Watu wa Suwon! Wamelainika!"

Saa tisa tuliondoka. Nyuma hapakuwa na nafasi hata ya kidole, kwa hiyo mtungi wa uduvi wa chumvi aliotupa Kaka Gilnam aliniwekea mapajani, akafunga mkanda wa gari juu yake, mimi na mtungi pamoja. "Usiuache ulale," aliniambia. "Huo ni wa kutia kwenye kimchi ya harusi."

Gilsu aliendesha mpaka njia panda ya barabara kuu, akasimama pembeni. Hakuzima injini.

"Tangu lini?"

"Tangu kituo cha vikeki."

"Cheonan."

"Cheonan."

"Kabla ya Bang."

"Ndiyo."

Aliweka mikono juu ya usukani. "Kabla ya Gilja. Kabla ya Gwangju. Ulinitazama nikimpa kila mmoja."

"Alinifanya niahidi mbele za Mungu. Anataka kukuambia mwenyewe. Jumapili."

"Mbele za Mungu," alisema polepole. Angekuwa mtu wa kupiga kelele ningepata pa kujificha. "Na leo Mungu huyo huyo akakuzuia kusema uongo. Mimi ndiye nikausema, kwa mikono miwili."

Nilishika mtungi usilale.

"Amepaka rangi nywele," alisema. "Umeona sikioni?"

"Nimeona."

Malori yalipita, gari likayumba. Kisha akasema, "Omba."

"Sina maneno, Baba Boram."

Alikubali kwa kichwa, kama fundi aliyeambiwa gundi imekwisha. Akageuza gari.

Kaka Gilnam alikuwa bado barabarani. Alikuwa mbele ya duka la jirani yake muuza samaki, anamwonyesha kadi, kidole kwenye jina. Alipoona gari akaipunga ile kadi. "Mmesahau nini?"

Gilsu alishuka. Mimi sikuweza, mtungi ulikuwa juu yangu na mkanda juu ya mtungi, na kitufe cha mkanda sikukiona kilipo. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kwa hiyo nilitazama tu. Muuza samaki aliingia ndani. Gilsu alisimama amekunja mikono mbele, kichwa chini, mdomo unasogea kidogo sana. Haikuchukua muda. Maneno yenyewe ni machache.

Kaka Gilnam hakusogea. Aliitazama kadi. Kisha akaikunja kwenye mkunjo wake, akaiingiza ndani ya bahasha, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Hakuirudisha. Akainua mkono, nami nikadhani anampiga. Aliupitisha juu ya nywele zake mwenyewe, mara moja, toka mbele hadi nyuma.

Akaja upande wangu akafungua mlango. Nilianza kusema, Kaka, kosa ni langu, tangu mwanzo, tangu siku ile ya—

"Boram anakula?" aliuliza.

Nilitazama ile rangi sikioni mwake.

"Mtoto. Anakula?"

"Sijui, Kaka."

"Yuko na nani?"

"Sijui."

Siku nne tulikuwa tumembeba binti yule toka mji hadi mji, jina lake kwenye bahasha, mimi nikiwa nimebeba siri yake na ahadi yake, na swali hilo sikumuuliza. Nilikuwa nimeuliza uko wapi, naye akasema *nipo*, nikaridhika.

Kaka Gilnam aliinama akatafuta kitufe cha mkanda, akakifungua, akaunyanyua mtungi toka mapajani mwangu akauweka chini barabarani. "Mpigie."

"Hapokei."

"Mpigie."

Nilibonyeza jina lake. Nilishuka, miguu imekufa ganzi, nikaegemea mlango. Gilsu akasogea upande mmoja, kaka yake upande wa pili, simu ikiwa katikati yetu juu ya kiganja changu.

Iliita. Ikaita tena. Gilsu akavua kofia, kama mtu anayengoja maombi yaanze.